Transista ya Saba

Lushoto,
12 Julai.

Mdogo wangu mpendwa Loveness,

Bwana Yesu asifiwe. Marahaba, maana najua kabla hujafika mstari wa pili umeshaniamkia kimoyomoyo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama naye haumwi zaidi ya alivyozoea. Mimi sijambo, ila mafua ya Julai. Ukungu hauondoki dirishani mpaka saa sita mchana. Nimesikia baridi imeunguza viazi vya watu huko Lukozi. Vyenu vimepona?

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu aliye mwendo wa saa moja na nusu kwa kosta. Simu ninayo na nauli ninayo. Nimechagua karatasi kwa sababu ninachokuomba kinahitaji kuchorwa, na kwa sababu sitaki kuuona uso wako.

Nianzie nyuma kidogo. Bila shaka unaukumbuka mwaka ule tulipokaa meza moja ofisini kwa Mhandisi Amiri, akatupa kazi moja sote wawili: kuchora bafa ya skrini za kioo kimiminika, zile za vipimo vya hospitali. Alipenda kuwaambia wageni kwamba bafa ni kama mpokea mzigo njiani: anapokea volti dhaifu, anaikabidhi kwa kioo ikiwa na nguvu, bila kuizidisha wala kuipunguza. Kila mstari wa skrini ulitaka bafa yake, na mistari ilikuwa mia tatu themanini na nne, kwa hiyo aliyechora kubwa ameshindwa kabla hajaanza. Wewe ulichora umeinama, umefunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa.

Kabla hatujawasilisha, mama akaanguka shambani. Kiharusi kikachukua upande wa kulia na ulimi. Baba hatunaye, kaka hatuna. Ofisini palikuwa na nafasi moja tu ya kudumu. Ni wewe uliyetoa shauri, sikukulazimisha: ambaye bafa yake itafaulu abaki na kazi, ambaye itashindwa amtunze mama, na asiwepo wa kumlaumu mwenzake. Tukapeana mikono. Ukaniachia mchoro wako nikuwasilishie, ukatangulia Lukozi.

Vipande viliporudi kutoka ng'ambo vilikotengenezwa, Mhandisi alivipima mbele ya ofisi nzima. Nikakupigia, nikakwambia chenye jina lako kimeacha michirizi kwenye kioo, na kivuli cha picha iliyopita hakifutiki. Ulilia. Ukauliza kama unaweza kuja ukione kwa macho yako. Nikakujibu kwamba kimeshatupwa na ukija utamkera Mhandisi. Ukasema, "Basi dada, hongera. Nitamwambia mama umefaulu."

Hiyo ni miaka sita sasa. Unamgeuza mama kila baada ya saa mbili asiote vidonda, unamlisha uji kwa kijiko, unafua mashuka kwa maji yanayokata vidole. Mchumba wako Kornelio alikungoja miaka miwili, akaoa Mlalo. Harusini nilikwenda, chakula kilikuwa kizuri. Ulipoanza kuniletea michoro mipya kwenye kurasa za daftari, nilikuandikia kwamba fani imeshakuacha, bora ushike jembe. Krismasi nikija na khanga yangu moja, unaniita mbele ya majirani "dada yangu mhandisi", unanipa kiti chenye mto. Sijawahi kukikataa.

Sasa nikwambie. Kesho yake baada ya wewe kutangulia, niliufungua mchoro wako. Wangu ulikuwa na transista kumi na nne. Wako ulikuwa na tisa. Nilitafuta kosa asubuhi nzima, sikuliona. Ukapiga simu kuniambia mama amechafua kitanda mara ya tatu na hujui uanzie wapi. Nikakupa pole, nikakata simu, nikafuta jina langu kwenye mchoro wangu nikaandika lako, na kwenye wako nikaandika langu. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Niliiona ile ndoo ya haja, nikaona mikono inayoibeba, nikaamua iwe yako.

Sikwambii haya kwa sababu ya dhamiri, usijisumbue kunisifu. Ningeweza peke yangu, ungekufa hujui. Tatizo ni kwamba watengenezaji wa skrini wanakuja Lushoto tarehe nne mwezi ujao. Wanataka bafa ya skrini kubwa zaidi, na wanataka aliyeichora ya kwanza asimame ubaoni aeleze. Kuna transista ya saba, ile ndogo uliyoiweka pembeni. Nimeikodolea macho miaka sita. Nikiiondoa, picha inavuja. Nikiipanua, volti inatetemeka. Sijui inafanya nini. Niandikie inafanya nini, na unichoree jinsi ya kuikuza. Nimekuwekea bahasha yenye stempu.

Unaweza kukataa, ni haki yako. Lakini nikifukuzwa, bima yangu inakatika siku hiyo hiyo, na dawa za mama zinatoka kwenye bima hiyo. Sikutishi, ndivyo ilivyo. Unaweza pia kumwendea Mhandisi Amiri. Atakuuliza ushahidi, nawe karatasi zako ulizichoma kupikia uji mwaka ule, uliniambia mwenyewe.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na kanisani waambie niko pamoja nao katika sala. Mama mshike mkono ule unaosikia, mwambie nampenda. Ila barua hii usimsomee. Ulimi ndio uliokufa, masikio yake ni mazima.

Ni mimi dada yako,
Mhandisi Beatha