Suhaila Ambaye Mama Yake Bado Anamngoja

Micheweni, Pemba
9 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Haidar,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako huko Maskati? Kile kifua kimepoa? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu linanisumbua nami nalisumbua.

Nianze na la kheri. Juzi tumerudi kutoka Dar na mwanao Suhaila. Vipimo vyote safi, na sasa ni mwaka mzima tangu amalize matibabu ya saratani. Daktari anataka kumwona tena baada ya miezi sita. Yaliyobaki ni mazito, nimeshindwa kuyasema kwa simu.

Nilipokuwa namuuguza kule Dar, wifi yangu Mwanawema alikuwa hali wala halali. Nikamwambia kwa simu, mtengee mwanao sahani kila mchana, uifunike kawa, ujipe moyo kuwa yuko safarini. Ushauri wangu mwenyewe huo, na naujutia.

Suhaila amerudi, sahani haikukoma. Kila mchana zinatoka mbili, moja ya huyu aliyekaa mkekani, nyingine ya yule wa safarini. Nilimkemea Mwanawema, akanijibu taratibu kabisa, "Huyu namlea, wifi, na nampenda. Lakini mwanangu bado kajarudi." Anasema nywele za Suhaila zilikuwa laini, na hizi zimeota za msokoto. Vidole vimeingia ganzi kwa zile dawa, mwandiko nao umebadilika, basi kwake huo ni ushahidi.

Siku za mwanzo Suhaila alicheka. Kisha nikamwona anasogeza bakuli la mchuzi upande wa ile sahani. Akiinuka hapiti mbele ya sahani hiyo, anazunguka.

Kliniki ilipokaribia akagoma. "Yule yuko kule hospitali, shangazi. Nikenda ntamkuta kitandani." Alisema hivyo mchana kweupe, anaanika mwani, wala hakuacha kazi yake. Na asipokwenda kliniki, maradhi yakirudi nani atajua?

Mwishowe alikubali kwa sharti moja, tukate tiketi tatu za kurudi, moja ya yule. Nilikata. Niite mjinga, sijali.

Huko hospitali muuguzi mmoja, Bi Rahma, hakushangaa hata kidogo. Alisema vijana wengi wakishapona hawajijui tena, na watu wa nyumbani wanadhani kazi imekwisha. Akamuunganisha na wenzake waliopona, kila Alkhamisi wanazungumza kwa simu. Nilifarijika sana.

Sasa sikia safari ya kurudi. Suhaila dirishani, mimi mwisho, kiti cha katikati kitupu. Pale Unguja meli ikajaa, akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akataka kukaa. Kabla Suhaila hajafungua kinywa, mimi, mtu mzima na akili zangu, nikamwambia, "Pana mtu." Wallahi niliamini. Bega langu la upande ule lilikuwa na joto, kama mtu ameniegemea tangu Dar.

Suhaila alinitazama kwa hofu. Hofu hiyo ilikuwa kwa ajili yangu. "Shangazi, hapana mtu," akasema. Akahamia katikati, akampa yule mama kiti cha dirishani. Alilia mpaka Mkoani, nami nikalia naye.

Basi amebaki Mwanawema, na mimi hanisikii. Mpigie wewe, umwambie umezungumza na mwanao na ndiye. Lakini zungumza naye kwanza kweli. Tangu augue unaleta matumizi kila mwezi, Mungu akulipe, ila hujaomba hata mara moja kuisikia sauti yake. Jana Suhaila ameniuliza kama na baba yake anamngoja yule mwengine. Ndipo nikachukua kalamu nikuandikie.

Nisalimie Ummkulthum na Jabir huko Maskati. Jirani yetu Bi Mjaka anakusalimu na anauliza utakuja lini. Mola akuhifadhi ugenini na akurejeshe kwa watu wako ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Saada