Siku Niliyoipumzisha Kalamu ya Seva

Jumapili, 22 Oktoba 2023
Kesho Ayudha Puja, sikukuu ya kuziheshimu zana za kazi. Kiwandani mashine zote zimeoshwa, zimepakwa msandali, zinapumzika. Seva tu haizimwi — maagizo ya pampu hayajui sikukuu. Nimeitia nukta ya kumkumu, ile poda nyekundu ya baraka, lakini roho haikutulia. Mimi mwenyewe kesho sishiki kalamu, vitabu viko mbele ya Mama Saraswati, mungu wa elimu. Sasa yenyewe iandike? Maana haichoki kuandika: nani kaingia, kafuta nini, saa ngapi. Nikaingia kwenye mpangilio, nikazima kumbukumbu. Siku moja tu.

Jumanne, 24 Oktoba
Tumefungua vitabu. Nimeiwasha, inaandika vizuri. Ya jana ni tupu, kama shajara hii.

Jumatano, 25 Oktoba
Balaa. Michoro ya pampu mpya ilifutwa Jumatatu. Nakala tunayo, ila meneja Varadan anamtaka mkosaji. Zamuni alikuwa Thenmozhi peke yake — binti mwenye bidii, mimi ndiye niliyemfundisha kubana faili kuukuu ili diski isijae. Meneja akataka kumbukumbu za siku ile. Hakuna kitu! Akasema basi ni yeye, kafuta na kufunika nyayo. Nikanyamaza. Mimi, niliyetoka kusali asubuhi ileile.

Alhamisi, 26 Oktoba
Thenmozhi kaniletea chai. Kesho anahojiwa, huenda akafukuzwa. Kanitania eti leo hata majivu matakatifu ya paji langu yamepinda. Kisha: "Kaka Marudhan, wewe ndiye unayezisoma kumbukumbu kila asubuhi. Waambie hazijawahi kunisema vibaya."
Nyumbani nikamweleza mke wangu. Kuyili hakuacha kukanda unga.
"Umempumzisha Mungu," akasema, "ukamchosha mtoto wa watu."
Nimeamua: kesho nasema.

Ijumaa, 27 Oktoba
Benchi, nje ya ofisi ya meneja. Kabla ya kubadili mpangilio huwa natunza nakala ya ule wa zamani, yenye siku na saa. Nimeuchapisha: Jumapili, saa kumi na moja jioni. Thenmozhi siku hiyo hakuwa kazini. Jina langu halimo, nimeliandika chini kwa mkono. Miaka kumi na tisa hapa — ee Mama, nishike.
Thenmozhi yuko ndani. Nasikia Varadan akimuuliza nani mwingine ana nywila. Anajua ni mimi. Hatanitaja.
Nimebisha, hawakusikia. Naweka kalamu, nabisha tena.