Heroe wa Ansab

Ijumaa, Bawshar

Bado naudhika na kaka. Asubuhi pale bwawani Ansab niliipunguza kasi ya kamera ya simu makusudi, picha itoke na ukungu. Heroe waliporuka, mabawa yao yakatoka kama moshi wa udi, ya waridi, yameyeyukia majini.

Baada ya chakula nikawaonesha mama na kaka ile picha kwenye simu. Kaka akacheka. "Mkono ulikutetemeka. Ifute."

Mama akaichukua simu, akaisogeza karibu na uso.

"Usiifute, mwanangu. Ndivyo nnavyowaona ndege siku hizi. Na nyinyi pia."

Kaka akaacha kucheka.

Jumapili nampeleka mama kwa daktari wa macho. Naogopa.

Naitazama tena picha: mabawa, maji, moshi. Machoni mwa mama hata mimi niko hivyo, wala sijui tangu lini.