Babu, Sasa Tunakula Mayai

Babu,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo halafu nikatulia kidogo, kwa mazoea, nikisubiri uitikie, "Marahaba, mwalimu wangu." Ni wewe peke yako uliyeniita mwalimu. Wengine hapa Mgori wananiita yule binti asiyesema.

Nina habari mbili. Moja itakuudhi, nyingine itakufurahisha, na siwezi kukupa ya pili bila ya kwanza. Siri yako nimeitoa. Bibi anajua kwamba kicheche aliyekuwa anakula mayai yake ulikuwa wewe. Nakuomba usikasirike mpaka ufike mwisho wa barua.

Nianze na Shabani. Ulipotuacha mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, mzito, ukimpakata mguu wako unakufa ganzi. Mwezi uliofuata Mama alimwachisha ziwa. Tangu hapo chakula chake kikawa uji mweupe asubuhi, ugali na mlenda mchana, na uji tena jioni. Tumbo lilijaa lakini mikono ilikuwa inapungua. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta, akaacha. Akawa anakaa tu mlangoni anatazama kuku wanavyopita, hata hawafukuzi. Baba yuko machimboni Sekenke na hurudi mara moja moja, kwa hiyo waliokuwa wanamwona akififia ni Mama, Bibi na mimi.

Shule ilipofunga nilimsindikiza Mama kliniki. Nesi alimpima Shabani, akaweka nukta kwenye kadi na kuiunganisha. Babu, ule mstari uliokuwa unapanda vizuri kwenye kijani ulikuwa umepinda ukaingia kwenye kijivu. Nesi hakufoka. Aliuliza tu.

"Mama Rehema, nyumbani mnafuga?"

"Kuku wapo."

"Wanataga?"

"Wanataga."

"Na huyu anakula mayai?"

Mama akatazama sakafu. "Kuku ni wa mama mkwe," akasema.

Nesi alielewa, nadhani amesikia jibu hilo mara nyingi. Akatuambia mtoto apewe yai moja kila siku, lililoiva kabisa, pamoja na maharage, dagaa, mboga za majani na matunda, maana uji mtupu unashibisha bila kujenga mwili. Kisha akaongeza kwa upole kwamba mstari ukishuka tena atamwandikia kwenda hospitali ya mkoa.

Unamjua Mama. Alirudi akaanza kuchambua mlenda kimya, kadi ameificha ndani ya kanga. Mkwe hawezi kumpangia mama mkwe kuku wake. Na Bibi unamjua zaidi yangu. Kwake yai halivunjwi, linaatamiwa. Mtoto akila yai atakuwa mwizi, mjamzito akila atazaa mtoto mwenye upara. Mgeni wa heshima anapewa kuku mzima, ila hakuna mtu nyumbani aliyewahi kukaangiwa yai.

Mimi nilifanya ninachokijua, nilisoma. Nilikuwa nimeazima shuleni kitabu cha lishe na kingine cha ufugaji wa kuku wa asili. Nilisoma kwamba ndani ya yai moja mna protini ya kujenga misuli, vitamini za macho na mifupa, na vitu vinavyosaidia ubongo wa mtoto ukue na damu itengenezwe. Nilishangaa, Babu. Kumbe chakula cha Shabani kilikuwa kinapita mbele yake mlangoni kila siku. Niliandika hotuba ya ukurasa mmoja na kuifanyia mazoezi nyuma ya banda. Kuku walinisikiliza vizuri sana.

Siku Bibi alipokuwa anamwatamisha yule tetea mwekundu ndipo nilipomfuata. Alikuwa amepanga mayai kumi na sita kwenye beseni lile bovu lenye majivu na majani makavu. Hotuba yote ilinipotea. Nikasema tu, "Bibi, nesi amesema Shabani ale mayai."

"Nesi anafuga kuku?"

"Hata kitabu kimesema."

"Kitabu nacho kinafuga kuku?" Alikuwa anaweka yai moja moja, hanitazami. "Rehema, mtu hawi mtu kwa kula yai. Babu yako, Mungu amrehemu, ameishi hapa miaka yote hajagusa yai hata moja, na alikuwa na nguvu kuliko vijana."

Hapo ndipo nilipokusaliti. Nilisikia mdomo wangu unasema wenyewe, "Babu alikuwa anakunywa moja kila asubuhi."

Samahani. Nakumbuka ulivyonikuta nyuma ya banda nikiwa darasa la nne. Ulikuwa umetoboa yai kwa mwiba wa mgunga, kichwa umekiinua juu, umefumba macho. Ukamaliza, ukaponda ganda, ukalifukia kwenye jalala la majivu, ukajifuta ndevu. "Hii ni dawa ya kifua," ukaniambia. "Na dawa haitangazwi." Nilinyamaza miaka yote hiyo. Nilinyamaza hata Bibi alipolalamikia kicheche na kukutuma uzibe matundu ya banda, nawe ukayaziba kwa bidii, unamlaani kicheche kwa sauti, huku mimi nikijificha ndani nicheke.

Bibi alibaki ameshika yai hewani. Nilijua sasa nitachapwa.

"Kwa mwiba?" akauliza.

"Kwa mwiba."

Akaanza kucheka, Babu. Alianza taratibu, mabega tu, kisha akaliweka yai chini ili asilivunje, akakaa chini kabisa na miguu ameinyoosha. Mama alitoka jikoni mbio akidhani ni kilio.

"Kicheche gani anafukia maganda kwenye jivu?" Bibi akasema alipopata pumzi. "Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nampa kazi ya kuziba matundu ili nione atasimamaje mbele yangu."

"Sasa mbona umesema hajagusa?" nikamuuliza.

"Mume hasemwi mbele ya wajukuu." Akajifuta machozi. "Ila kweli yai linaleta wizi. Huyo mzee aliniibia mpaka anaingia kaburini."

Kisha akatazama upande wa mlangoni alipokuwa amekaa Shabani. Alimtazama muda mrefu. Mama akatoa kadi kwenye kanga akampa. Bibi hasomi, lakini mstari unaoshuka hauhitaji kusoma. Aliufuata kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Ukinywa ya kuiba unapata nguvu," akasema polepole, "basi huyu apewe ya halali."

Na hapo kitabu changu kilipata kazi. Nilimwambia kwamba tetea mmoja hawezi kufunika mayai kumi na sita, kumi yanamtosha, yale ya pembeni yanapoa. Bibi hakubisha, kwa sababu kila mara ndiye anayetupa mayai maviza yanayonuka, na siku zote alimlaumu kuku kwa uvivu. Akatoa sita. Tukayatia kwenye maji, moja lililoelea tukalitupa, yaliyozama tukayaweka kapuni. La kwanza alilichemsha Mama mpaka likaiva kabisa, Bibi mwenyewe akaliponda kwenye uji. Shabani alitema kijiko cha kwanza. Cha pili akakifikiria. Cha tatu akamshika Bibi mkono usirudi nyuma.

Na yule tetea mwekundu aliangua vifaranga tisa katika yale kumi. Bibi amewahesabu kila asubuhi kwa wiki nzima kana kwamba kuna mtu atamwongezea.

Sasa tunakula mayai, Babu, siyo Shabani tu. Mama anakula, na mimi pia siku kadhaa kwa wiki kabla ya kwenda shule. Sijui kama ndiyo sababu, lakini sisinzii tena kwenye kipindi cha hesabu cha saa tano. Kitu kimoja nitakukosoa, nawe unisamehe: yai bichi linaweza kuwa na vijidudu, ilibidi ulichemshe. Najua, moshi ungekuumbua.

Wiki iliyopita tulikwenda kliniki sisi wote wanne. Bibi alivaa gauni la Idi. Shabani alikataa kubebwa, akatembea kutoka getini mpaka kwenye mzani akiwa ameshika kidole changu kimoja, kisha akakiachia. Nesi alichora nukta, akaunganisha, akageuza kadi kwetu. Mstari umerudi kwenye kijani. Mama aliishika kadi kwa mikono miwili. Bibi alimgeukia bibi mwingine kwenye foleni, mtu asiyemjua kabisa, akamuuliza, "Wewe kuku unao? Basi mayai unamwekea nani?"

Mimi nilitoka nje nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, kwa sababu ulipaswa kuwepo.

Sasa lala kwa amani, Babu. Mungu akupe nafasi nzuri huko uliko. Kaburi lako nimelifagia Ijumaa, na Shabani alinisaidia kwa kuyarudisha majani yote nilipoyatoa. Nakuahidi kwamba yai lake halitakosekana. Na ikitokea kuku wakafa kwa ugonjwa wa kideri au wakaacha kutaga, sitakaa ndani na kitabu nikisubiri mtu mwingine aseme. Nitakwenda kwa majirani, mlango kwa mlango, nitapiga hodi, na nitaomba kwa sauti ya kusikika.

Mjukuu wako,
Rehema