Bamba la Ndege ya Bramwel

Mji wa Kale, Mombasa

Kwa kaka yangu Zakariya,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na wa nyumbani, na kwamba goti limepata nafuu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila mimi nimechoka, kaka, uchovu usioisha kwa kulala.

Uliniuliza habari za ile kazi niliyokutumia picha yake. Rubani mmoja, Bramwel, ana ndege ndogo ya watu wanne. Bamba linalofunika dashibodi yake lilipasuka, akazunguka kote mpaka akafika dukani kwetu. Alitaka jipya la plastiki, lenye matundu ya saa zote za vipimo na jina la kila saa limechongwa. Nikamwambia mimi ni mchonga vibao vya milango na zahanati. Akasema mkono ni ule ule. Nikavimba kichwa, nikakubali.

Nilifanya kama alivyotufunza marehemu baba: plastiki angavu inayoonyesha upande wa pili, herufi zichongwe upande wa nyuma, kinyumenyume, kisha zijazwe rangi, ili vidole visizifute. Siku tisa nimeinama, mgongo unawaka moto. Bramwel akalipenda, akalifunga mwenyewe. Nawe ulipoiona picha ukaniandikia kwamba mkono wa baba umerudi. Nililia.

Sasa nikwambie nililokuficha. Kesho yake nilikuwa nakunja karatasi ya vipimo, nikaona. Ukichonga kwa nyuma, kushoto huwa kulia. Kila neno nililigeuza, lakini majina ya saa mbili za mafuta sikuyabadilisha mahali. Jina la tangi la kushoto limekaa kwenye saa ya tangi la kulia. Siku moja angehamishia injini kwenye tangi tupu akiwa hewani, akidhani limejaa.

Nilijua, kaka, na nikanyamaza siku tatu. Niliona haya kwako, na niliogopa kuliharibu jina la baba. Kila ndege ikinguruma juu ya paa, patasi ilisimama mkononi.

Siku ya nne nikampigia. Ndiyo kwanza alikuwa ametua kutoka Malindi. Matangi yote mawili yalikuwa yamejaa alipoondoka, ndiyo salama yake. Hakunifokea. Aliniambia tu kwamba kwenye kiti cha nyuma alikuwa amempakia binti yake wa miaka saba, mara yake ya kwanza kupanda ndege.

Shemeji yako Mwanakuu na watoto wanakuamkia, nasi tunakuombea afya. Ukijibu, tafadhali usinifariji. Nigombeze, kaka, kama baba angenigombeza.

Nduguyo,
Aidarus