Theluji ya Karatasi

Temple Hills

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hatujambo. Goti la babu yako limepata nafuu, na mama yako anaendelea na kazi yake ya uuguzi.

Umeniuliza ufanyeje na watoto wa darasa unalofundisha wanaogoma kutengeneza mapambo ya msimu wa baridi. Nitakusimulia yaliyonipata mimi.

Mwaka wetu wa kwanza hapa Marekani, mama yako alikuwa na miaka sita, na Kiswahili alikuwa amekiacha kabisa. Nikimsemesha, ananijibu kwa Kiingereza au ananyamaza. Siku moja shule zilifungwa kwa theluji. Nikatoa mkasi, gundi na karatasi nyeupe, tutengeneze mapambo ya dirishani. Karatasi unaikunja, unaikata pembeni, ukiikunjua inakuwa kama chembe ya theluji. Mimi nilikata kwenye mkunjo, ikaachana vipande vipande. Nikajaribu tena, ikaachana tena.

Mama yako alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akanishika mkono.

"Siyo hapo, mama," akasema. "Kata huku. Polepole."

Nilikata alipoonyesha, naye akaniongoza kwa Kiswahili mpaka dirisha likajaa.

Sijui kama hili litawafaa watoto wako. Jaribu kuwaachia mkasi, wakuonyeshe wao. Mimi miezi yote ile nilimbembeleza mama yako aongee nami, kumbe alikuwa hajapata tu jambo la kunifundisha.

Nakuombea heri,
Bibi yako