Karafuu na Watu wa Kanzu

Mpendae, Unguja
Jumapili

Mdogo wangu Riyama,

Assalaam alaykum. Natumai umeshatolewa dripu, na kwamba hao madaktari wa Dar wanakuacha ulale. Huku sisi ni wazima. Nyumba yako naifagia na mrehani wako naumwagilia. Barua hii nampa Nassra, binti wa jirani, anayevuka na boti kesho, kwa sababu nina habari iliyonishinda kuisema kwa simu.

Kila ukipiga unamuulizia Karafuu kabla yangu. Ulipoondoka uliniambia mbwa huyo ndiye wa kukupokea mlangoni, nami nikakuahidi utamkuta. Hukujua kwamba wiki ile ile sheha alikuja na majirani. Walilalamika kwamba anawakimbiza waendao msikitini, wakasema asipokoma ataondolewa.

Ualimu haunitoki, unanijua. Niliwaeleza kwamba habweki kwa ubaya. Tangu mdogo alipigwa mawe na watu wa kanzu, basi kanzu kwake ni jiwe linalokuja. Ukimpiga, unamthibitishia. Dawa ni kumpa kitu kizuri kila kanzu inapoonekana kwa mbali, kabla hajabweka, kisha umbali upunguzwe pole pole. Jirani yako Mkadam alikubali kupita nje ya ukuta na kanzu yake, huku akinitania: eti Mwalimu Kificho kakosa watoto wa kufundisha, na huyo mwanafunzi mtihani wake lini? Nami namrushia Karafuu kichwa cha samaki. Alifuzu, Riyama. Ikawa akiona kanzu anatikisa mkia, kimya. Mkadam akasema huyu sasa karibu atasilimu.

Lakini nilimfundisha kwa kurusha. Nilikuwa na udhu, sikutaka mate yake yanifike, wala Mkadam hakutaka. Kwa hiyo somo la mwisho, la kumwendea mtu na kusimama kabla ya kumgusa, sikulifundisha, maana lataka mkono wa mtu uwe karibu.

Ijumaa nilipotoka kwenda kusali, sikulifunga geti vizuri. Njia nzima ilikuwa kanzu. Karafuu akatoka mbio kuwaendea, mkia juu, bila kubweka. Wao walimwona mbwa yule yule aliyekuwa akiwakimbiza. Nilipiga kelele kwamba hana neno, anataka samaki tu. Mawe yalikuwa yameshatoka mikononi. Hakukimbia. Zamani angekimbia, mimi ndiye niliyemsahaulisha woga.

Jana uliponipigia nilikwambia anakula vizuri. Nilikudanganya.

Nimemzika nyuma ya jiko, pale alipokuwa akilala. Nilimbeba mwenyewe, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumgusa. Masikio yake yalikuwa laini kuliko nilivyodhani. Wewe ulikuwa ukijua.

Mkadam anakusalimu, tangu Ijumaa anapita njia nyengine. Kula, mdogo wangu, na dawa usiache. Mungu akurudishe salama, ingawa sijui nitasimamaje peke yangu mlangoni.

Kaka yako,
Kificho